Siku Pimbi Alipomnyoa Simba

Hapo zamani za kale, sogeeni wanangu, na wewe unayetafuna muwa utafune kimya kimya, palikuwa na nchi ya wanyama iliyoitwa Majabali. Mfalme wake alikuwa Simba. Na juu ya mawe ya nchi hiyo aliishi Pimbi, na mkewe, na binti yao mmoja.

Pimbi mnamjua? Ni mnyama mdogo, mnene mnene, asiye na mkia wa kusifiwa. Akiketi juu ya jiwe utadhani ni jiwe jingine. Lakini akili! Akili za Pimbi zingegawiwa kama pilau, hata Kiboko angeshiba.

Binti yake aliitwa Chiku, na jina hilo alipewa kwa sababu ya mdomo. Alianza kusema kabla ya kutambaa, na tangu hapo hakunyamaza.

"Baba, kwa nini mwezi hauna miguu na unatembea? Baba, konokono akichoka na nyumba yake, anaweza kuipangisha?"

Pimbi aliziba masikio, akaguna, akasema mtoto huyu ataniua. Lakini moyoni alikuwa na furaha tele.

Basi siku moja Chiku akanyamaza.

Mama yake akamgusa paji la uso. Moto! Akamgusa miguu. Baridi! Akapiga kelele, "Baba Chiku, mtoto ana homa! Mtoto hasemi!"

Pimbi akamtupa binti yake mgongoni, akachukua kikapu cha kunde, ndizo mali yake yote, akakimbia mbio hadi hospitali ya Mfalme. Tap, tap, tap, tap!

Na hospitali yenyewe, tuseme kweli, ilikuwa nzuri. Kuta zimepakwa chokaa, vitanda vya nyasi laini, na tabibu wake, Bi Nungunungu, hakuwa na mfano. Sindano alizaliwa nazo mgongoni. Tatizo lilikuwa mlangoni. Mlangoni alikaa Karani Fisi, amevaa kanzu iliyombana tumbo.

"Hodi, Bwana Karani! Mtoto wangu anakufa!"

"Pole sana," akasema Fisi. "Mbuzi yuko wapi?"

"Mbuzi gani?"

"Ala! Hujui sheria? Mbuzi kwanza, dawa baadaye. Mbuzi mmoja, aliyenona, asiyechechemea. Paja linakwenda kwa Mfalme, na hayo mengine..." Fisi akajilamba, "...hayo mengine yanahifadhiwa."

Msiniulize kwa nini wale mbuzi hawakulalamika. Siku hizo mbuzi alikuwa bado hajajifunza kusema.

"Mimi sina mbuzi, Bwana Karani. Nina kunde."

"Kunde! Hi hi hiii! Mimi na kunde wapi na wapi?"

Sauti ya Bi Nungunungu ikatoka ndani, "Karani, kuna mgonjwa hapo?"

"Hakuna, Bibi! Ni upepo tu!" Na mlango ukafungwa, kwa!

Pimbi alibaki amesimama, mtoto mgongoni, kunde mkononi. Alitaka kulia. Lakini machozi hayashushi homa, kwa hiyo akageuka, akashika njia ya nchi jirani, nchi ya Mtoni, kwa Mfalme Kiboko.

Huko Mtoni hakuna aliyeuliza habari za mbuzi. "Karibuni wote!" walisema. "Dawa hapa ni bure! Mfalme Kiboko analipa kila kitu kutoka shamba lake."

"Alhamdulillahi!" akasema Pimbi. "Niingie wapi?"

"Panga foleni."

Lo! Foleni ilizunguka bwawa, ikapanda kilima, ikashuka upande wa pili. Pimbi akaenda mwisho, akajikuta nyuma ya Kobe.

"Shikamoo, Babu Kobe. Umekuja zamani?"

"Marahaba, mwanangu. Nilikuja na kikohozi. Kikohozi kikachoka kunisubiri, kikapona chenyewe. Sasa nangoja dawa ya miguu iliyochoka kusimama."

Na ubaya zaidi, watu wa Mtoni ni watu wa adabu nyingi. Kwao mkubwa hupishwa. Akija Nyati, wote husogea, "Pita, mzee." Akija Kifaru, wote husogea, "Pita, mzee." Kila wakisogea, Pimbi hurudi nyuma. Alifika asubuhi akiwa mbele ya Swala. Jua lilipotua alikuwa nyuma ya Swala, na Kobe kampotea kabisa.

"Kesho njooni mapema!" mlinzi akapiga kengele. Ng'ari, ng'ari!

"Hawakunitukana," Pimbi alijisemea, "wala hawakuniomba kitu. Wana moyo mzuri hawa. Lakini Chiku hana muda wa kungoja moyo mzuri." Akamfunga mtoto mgongoni sawasawa, akavuka kilima kwenda nchi ya Mizinga, kwa Nyuki.

Alifika amechoka hoi. Kabla hajasema hodi, Nyuki walikwishamzunguka, zzzzz, wakamshusha mtoto, wakamlaza. Bibi Nyuki, tabibu wao, akachemsha magome machungu, akatia asali, akamnywesha Chiku dawa ikiwa moto.

"Bibi, sijalipa," Pimbi akasema kwa woga. "Na mimi si mtu wa hapa."

"Nimekuuliza? Homa haiulizi mpaka, mimi niulize kwa nini?"

"Sasa nani analipa?"

"Wamekwisha kulipa waliokuwa wazima." Bibi Nyuki akamwonyesha ghala kubwa. "Kila baada ya mavuno, kila mmoja huleta kidogo. Mwenye shamba kubwa kapu, mwenye shamba dogo konzi. Ukiugua, unaingia. Basi."

Nyuki mmoja mwenye kiuno chembamba akapita akinung'unika. "Mimi sijaugua tangu nizaliwe! Natoa tu, natoa tu!"

"Na umwombe Mungu uendelee kutoa," Bibi Nyuki akamjibu bila kugeuka.

Mara Chiku akatoka jasho. Akafumbua jicho moja. Akasema kwa sauti nyembamba, "Baba, dawa chungu na asali tamu zinakaaje kikombe kimoja bila kugombana?"

Pimbi akalia hapo hapo, bila aibu, mbele ya Nyuki wote.

Lakini Bibi Nyuki akamvuta pembeni. "Baba, usifurahi upesi. Homa hii hurudi. Kila mwezi unapoandama lazima anywe tena, mpaka masika yapite. Na dawa hii haibebeki, ikipoa imekufa. Asipokunywa..." Hakumalizia. "Na mtoto huyu hawezi kupandishwa kilima hiki tena. Kwenu hakuna tabibu anayejua magome haya?"

"Tabibu yuko," Pimbi akasema. "Mlango ndio haupo."

Bibi Nyuki akampa kibuyu cha asali ya njiani, naye akarudi Majabali. Njia nzima Chiku alisema, na njia nzima Pimbi aliwaza.

Alipofika hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Simba.

Hapa niwaambie jambo, wanangu. Ukoo wa Pimbi na ukoo wa Simba walikuwa watani. Babu zao waligombea pango, wakapigana, wakapatana, na tangu siku ile wakawa watani. Na mtani ni mtani! Anaweza kukutania mbele za watu, anaweza kukuvua kofia, na kwenye msiba yeye ndiye mwenye kazi zote na maneno yote. Ukimkasirikia, aibu ni yako.

"Mtani!" Pimbi akaita. "Bado hujafa tu?"

"Nimwachie nani pango?" Simba akajibu akicheka. Kisha akashika shavu. "Aah! Jino hili!"

"Mtani, leo sikutanii. Mlango wa hospitali yako ni mbaya." Akamweleza yote, ya Fisi, ya Mtoni, ya Mizinga.

Simba akakunja uso. "Kwa Kiboko wagonjwa wanazeeka kwenye foleni. Kwa Nyuki mtu mzima analipia kikohozi cha jirani. Kwangu hakuna foleni wala hakuna michango. Unatoa mbuzi, unapona. Mimi ninatibiwa hospitali hiyo hiyo, na sijawahi kuona tatizo lolote!"

"Ulishatoa mbuzi?"

"Mimi? Bi Nungunungu huja hapa kwangu. Lakini sheria ni sheria! Mlango ni mmoja kwa wote. Hata mimi ningekwenda, ningeingia kwa mlango ule ule."

"Hata wewe?"

"Hata mimi! Wangapi wamesikia?" Simba akanguruma, na wazee wa baraza wakaitikia, "Tumesikia, Mfalme!"

Pimbi naye alisikia. Akayatia maneno yale moyoni, akaenda zake.

Haukupita muda, nyanya yake Simba, bibi kizee aliyemlea tangu anyonye, akafariki dunia. Kilio kikatanda Majabali yote. Simba akalia kwa ngurumo usiku na mchana, mpaka sauti ikaanza kukwaruza.

Na mtani akaingia kazini. Pimbi akachimba kaburi, akapika, akachota maji. Katikati ya majonzi akajilaza kwenye kitanda cha marehemu, akajifunika kanga yake, akaita kwa sauti ya kibibi, "Simbaaa! Uji wangu uko wapi, wewe mtoto usiyenawa?" Waliokuwa wakilia wakacheka, waliokuwa wakicheka wakalia, na msiba ukawa mwepesi kidogo. Hiyo ndiyo kazi ya mtani.

Siku ya kuvunja matanga ikafika. Kwa desturi, wafiwa hunyolewa, na anayeshika wembe ni mtani. Kwa wafalme ilitosha kunyoa kishungi kidogo nyuma ya sikio. Simba akaketi, akainamisha sikio.

Pimbi akanoa wembe. Shwa, shwa, shwa. Akamzunguka Simba, akatikisa kichwa.

"Mtani, bibi huyu alikunyonyesha?"

"Alininyonyesha."

"Alikubeba?"

"Alinibeba."

"Na leo unamuaga kwa kishungi? Kwetu sisi wadogo, mtu akifiwa na jirani tu hunyoa kichwa kizima!" Akawageukia waombolezaji. "Jamani, au nasema uongo?"

"Kweli! Kweli kabisa!" wakaitikia akina bibi waliokaa mkekani.

Simba akaona haya. Machozi yakamlengalenga. "Nyoa," akasema. "Nyoa yote. Bibi yangu anastahili."

Kwaru! Kwaru! Kwaru! Manyoya ya shingoni yakaanguka, marundo kwa marundo. Pimbi alinyoa juu, akanyoa chini, akanyoa mpaka kifuani. Alipomaliza, aliyekaa pale alikuwa mnyama mmoja mwenye shingo nyembamba na masikio makubwa. Mkewe Simba alimpita mara mbili akiuliza, "Jamani, hakuna aliyemwona mume wangu?"

Fisi peke yake hakuona hayo. Nyama ya matanga aliletewa mlangoni, maana hakuthubutu kuondoka, asije akapenya mgonjwa asiye na mbuzi.

Asubuhi yake Simba akaamka na jino. Lo, si jino tena, ni balaa! Shavu limevimba, usaha umeshuka kooni, na ile sauti iliyokwaruzwa na kilio sasa haipo kabisa. Akafungua kinywa kunguruma, ikatoka, "Hhhhh."

Akamkuta Pimbi kibarazani, amekaa, ameweka wembe wa jana mapajani.

"Mwite Nungunungu," Simba akanong'ona.

"Haingii, mtani. Umesahau? Tabibu haingii nyumba ya msiba mpaka wembe wa matanga uoshwe mtoni."

"Uoshe basi!"

"Nitauosha. Lakini mto uko mbali, na miguu yangu unaiona ilivyo. Nitarudi jioni, au kesho." Pimbi akajikuna. "Kwani shida iko wapi? Hospitali ni pale. Twende, kwa miguu yako mwenyewe. Si ulisema mlango ni mmoja kwa wote?"

Simba akafikiri. Jino likampiga, ta! Hakufikiri tena. Askari wake walikuwa wamelala fofofo kwa shibe ya matanga, kwa hiyo wakaondoka wawili tu, mkubwa mbele akishika shavu, mdogo nyuma akishika kibuyu chake cha asali. Na Pimbi moyo ulikuwa unamdunda, maana mwezi ulikuwa umeandama, na alijua nani yuko mlangoni.

Kweli, mlangoni walikuwapo. Alikuwapo Digidigi mwenye mguu uliovunjika, na Kanga mwenye jicho bovu. Na alikuwapo Mama Chiku, na Chiku mapajani mwake. Homa ilikuwa imerudi. Chiku alikuwa hasemi.

Simba akawapita wote, akagonga mlango. Gu! Gu!

Fisi akachungulia. "Mbuzi yuko wapi?"

Simba akatoa macho. "Hhhh! Hhhhh!"

"Anasema yeye ni Mfalme," Pimbi akatafsiri, akiwa ametulia kabisa.

"Mfalme? Hi hi hiii! Hi hi hiii!" Fisi akashika mbavu. "Mfalme ana manyoya mpaka magotini! Mfalme akikohoa kuta zinatikisika! Wewe shingo kama mwiko, unapuliza kama kiriba kilichotoboka, eti Mfalme! Jana alikuja mmoja akasema yeye ni Tembo, kumbe nguruwe. Mbuzi kwanza, dawa baadaye!"

Simba akainua mkono ampige. Lakini jino likampiga yeye kwanza, akaanguka chini, puu!

"Karani, kuna mgonjwa hapo?" akaita Bi Nungunungu.

"Hakuna, Bibi! Ni upepo tu!" Kwa! Mlango ukafungwa.

Simba akakaa pale vumbini, katika jua, na wale wengine. Hakuwahi kukaa hapo maishani. Digidigi akajivuta na mguu wake mbovu, akampisha kwenye kivuli. "Kaa hapa, mzee. Sisi tumezoea." Kanga akampa maji katika kifuu. Hakuna aliyemjua, na hakuna aliyemwomba mbuzi.

Hapo Pimbi akasimama juu ya jiwe. "Jamani, kila mmoja wetu ana kidogo. Kidogo chako Fisi anakicheka, na changu anakicheka. Tukiviweka pamoja, huenda kicheko kikamwisha. Mimi ninatoa asali hii ya Mizinga."

"Nina mayai," akasema Kanga.

"Nina chumvi ya magadi," akasema Digidigi, "na kipande cha nyama kavu nilichookota."

"Na kunde zetu," akasema Mama Chiku, uso ukimng'aa. "Chiku wangu atapona!"

Pimbi akamgeukia mkewe. "Mama Chiku... mchango huu ni wa huyu mzee."



"Nini?" Mama Chiku akasimama. "Baba Chiku! Umerogwa? Mtoto wako huyu hapa! Mtazame! Hasemi!"

Pimbi akamtazama. Na nawaambia, wanangu, hakuna siku Pimbi aliogopa kama siku ile. Akamsogelea mkewe sikioni. "Leo tukimwingiza Chiku, mwezi ujao tutakuwa hapa hapa vumbini bila kunde wala asali. Huyu mzee akiingia, mlango utafunguka. Niamini, mama. Niamini mara hii moja."

Mama Chiku akamtazama yule mzee mwenye shingo nyembamba. Akamtazama mumewe. Kisha akanyanyua kikapu cha kunde, akakiweka chini kwa kishindo. "Ukikosea," akasema, "usirudi nyumbani." Machozi yakamtoka.

Simba aliona yote. Sauti alikuwa hana, lakini masikio alikuwa nayo, tena makubwa.

Pimbi akagonga. Fisi akachungulia, akaona asali, mayai, nyama kavu. Mate yakamdondoka, do, do, do. "Hmm. Ukivijumlisha hivi ni kama mbuzi mdogo aliyekonda. Mwingize huyo kiriba. Upesi, kabla sijabadili mawazo!"

Simba akaingia. Bi Nungunungu akamkalisha, akachungulia kinywani. "Masikini! Na maumivu haya ulikaa nje?" Akachagua sindano moja mgongoni, ndefu, akatoboa jipu. Usaha ukatoka. Kisha akashika jino kwa koleo. "Fumba macho, mzee. Moja, mbili..."

Ng'wa!

Koo la Simba likafunguka. Na maumivu, na hasira, na aibu, na majonzi ya bibi yake, vyote vikatoka kwa pamoja.

"NGRRRUUUUUMMM!"

Chokaa ikaanguka kutani. Fisi, ambaye yai la pili lilikuwa bado kinywani, akalimeza na ganda lake. Anaijua sauti ile! Nani haijui? Akaanguka kifudifudi, kanzu ikachanika, chwaa!

"M-m-mfalme! Sikukujua! Ningekujua ningefungua!"

Simba akatoka nje, akasimama mbele yake. "Ndiyo," akasema polepole. "Ungenijua ungefungua. Hilo ndilo lililonitia aibu."

Kisha akamgeukia Pimbi, macho mekundu. "Na wewe! Ulininyoa makusudi! Wembe hukuosha makusudi!"



Pimbi akafuta kijasho. "Mtani," akasema, "kesho nitaosha."

Simba akamtazama. Mdomo ukaanza kutetemeka. Mara akapasuka kicheko, akacheka mpaka akashika kidonda cha jino. "Mtani umeniweza! Uwiii, umeniweza!" Angefanya nini? Mtani ni mtani.

Alipomaliza kucheka, uso ukawa mzito. Akapiga goti mbele ya Mama Chiku. Mfalme mzima! "Mama, wewe ulikuwa na mtoto mgonjwa, ukanipa mimi kunde zake. Mpeleke ndani. Hakuna wa kukuuliza kitu."

Mama Chiku hakungoja kuambiwa mara ya pili. Bi Nungunungu akachemsha magome, akayatia asali ile ile ya Mizinga iliyokuwa imebaki kibuyuni, maana Fisi alikuwa ameanza na mayai.

Siku hiyo hiyo sheria ikabadilika. Majabali wakajenga ghala. Kutoka kwa Nyuki wakachukua mchango wa baada ya mavuno, mwenye kapu kapu, mwenye konzi konzi. Kutoka kwa Kiboko wakachukua neno moja tu, "Karibuni wote," lile walilipenda. Na anayezidiwa ndiye anayepishwa, awe Tembo, awe panya.

"Na asiyechanga?" mzee mmoja wa baraza akauliza. "Mvivu akiugua?"

"Atibiwe kwanza," Pimbi akajibu, "halafu aulizwe. Aliyekufa hachangi kitu."

Bi Nungunungu alibaki na kazi yake, na wakamwongezea msaidizi. Karani Fisi naye akapewa kazi mpya, ya kubeba michango kutoka mashambani hadi ghalani. Na mchango wa Majabali, kama mjuavyo, mwingi ni kunde. Alibeba magunia, akayanusa, akasonya. Hata moja halikupungua.

Chiku akapona. Masika yakapita, na mdomo ukarudi wote, na nyongeza. Siku ya mchango wa kwanza alimkuta Simba ghalani, amesimama kwenye mstari, amebeba paja la nyama begani. Manyoya yalikuwa yameanza kuota tena, mafupi mafupi kama ufagio.

"Mfalme," akasema Chiku.

"Naam, mjukuu wangu."

"Manyoya yakishaota yote, utakumbuka?"

Watu wakacheka. Simba hakucheka. Aliweka lile paja chini, akaita, "Mtani! Ule wembe umeshauosha?"

"Nimeuosha, mtani, unang'aa!"

"Basi njoo."

Akaketi pale pale mlangoni pa ghala, mbele za watu wote, akainamisha shingo. Na tangu mwaka ule, kila siku ya mchango, kwanza Simba hunyolewa, ndipo ghala hufunguliwa.

Mwanangu, tupa ganda la muwa tukalale, na ukumbuke hili: wema wa hospitali haupimwi kwa kuta zake, hupimwa mlangoni, siku anapobisha hodi mtu asiyejulikana na asiye na kitu.